Nywila ya Kuazima na Siri ya Mgonjwa

Muuguzi anayelazimika kukumbuka nywila moja ya maabara, nyingine ya famasia na nyingine ya kumbukumbu za wagonjwa, hatimaye huziandika ukutani au huazima ya mwenzake. Tangu hapo, jina linalobaki kwenye faili la mgonjwa si la aliyelifungua. Dozi ikikosewa, hajulikani wa kuulizwa.

Hospitali zinazojitengenezea programu yafaa ziziunganishe zote na huduma moja ya utambulisho, kwa kiwango cha wazi kama OpenID Connect. Programu haitunzi tena nywila. Hupokea tu uthibitisho wa nani ameingia. Mfumo wa DHIS2, unaotumika Tanzania na Kenya, tayari unaikubali njia hiyo. Mtumishi akihama, akaunti yake hufungwa pahali pamoja, naye hawezi tena kuingia popote.

Ni kweli kwamba ufunguo mmoja ukiibwa hufungua milango yote, na huduma hiyo ikizimika kazi ya wodi husimama. Kwa hiyo uthibitisho wa pili na utaratibu wa dharura ni vya lazima. Siri ya mgonjwa ni amana, na amana hailindwi kwa nywila ya kuazima.