ANKARA YA MGONJWA ISIWE FUMBO

Ndugu waamini na viongozi wa walei,

Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na kule Kisarawe mjini, mtu akiugua ana njia mbili: kituo cha Serikali au zahanati ya mtu binafsi. Njia hii ya pili si haramu. Sheria ya mwaka 1977 iliwaachia mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini, kuendesha hospitali zisizo za Serikali. Marekebisho ya mwaka 1991 yakawafungulia mlango madaktari wenye sifa. Mwaka 1993 hospitali za Serikali nazo zikaanza uchangiaji wa gharama. Tangu hapo mgonjwa akaanza kuitwa mteja.

Neno hilo ndilo tunalolipinga. Mnunuzi wa nanasi hulinusa, huuliza bei, na asiporidhika huondoka. Mgonjwa hawezi. Anayemwambia kwamba anahitaji vipimo vinne ndiye huyo huyo anayeviuza. Mshauri na muuzaji ni mtu mmoja, na mnunuzi ana homa. Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Hawakunena kwamba anyweshwe kwanza, kisha atajiwe bei.

Wapo watakaojibu: daktari anayeanza hulipa pango, wauguzi, dawa na pengine mkopo wa benki. Ni kweli, na kazi yake yastahili malipo. Ni kweli pia kwamba Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, hulipa baada ya kuhakiki madai. Dai likichelewa, kituo kidogo huumia kwanza. Machi 2024 mvutano wa bei kati ya Mfuko na watoa huduma binafsi ulifanya baadhi ya hospitali zisimamishe huduma kwa wanachama. Je, aliyeumia ni nani, kama si mfanyakazi aliyekwisha kukatwa mchango katika mshahara wake? Gharama za daktari ni sababu ya kupanga bei ya haki. Hazijawa kamwe sababu ya kuificha.

Wala tusijifanye kwamba mikono yetu ni safi. Atiaye sahihi fomu ya madai iliyo tupu humkabidhi mwenye tamaa kalamu ya kuandika vipimo visivyofanyika. Amwazimaye jirani kadi yake huchota katika chungu cha wote, na chungu kikikauka, wa kwanza kukosa ni mnyonge.

Kwa hiyo twadai:

(a) Bei za kumwona daktari, vipimo na kulazwa zibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili.

(b) Kila malipo yawe na stakabadhi, na kila ankara itaje kitu kimoja kimoja na bei yake.

(c) Mgonjwa aelezwe gharama kabla ya huduma, isipokuwa wa dharura, ambaye atibiwe kwanza.

(d) Maiti isifanywe rehani. Deni lidaiwe kwa walio hai, kwa makubaliano.

(e) Madai halali ya vituo yalipwe kwa wakati.

Madai haya na yaanze kutimizwa katika zahanati za makanisa, kwa maana hatuwezi kumdai daktari binafsi uwazi ambao sisi wenyewe hatuutoi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kila mkazi awe na bima. Ni nia njema. Lakini kadi hiyo itamfaa nini mkulima wa Maneromango, ikiwa hajui kinachoandikwa kwa jina lake?

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Ni nani kati yetu aliyepata kuomba ankara yenye mchanganuo, na alijibiwa nini?

2. Ni nani atakayemsindikiza mgonjwa asiyejua kusoma, ili asitie sahihi asichokielewa?