Mchezaji Aliyeshitakiwa Asitupwe Kabla ya Hukumu

Wapenzi wa mpira wa miguu wana ubishi wao mmoja usiokwisha, nasi leo twataka kuutolea neno. Ubishi wenyewe ni huu: mchezaji akipimwa mkojo, ikaonekana mna dawa iliyokatazwa, naye akawa anangoja kufungiwa, je, klabu yake imweke au imfukuze?

Wako wasemao na afukuzwe siku hiyo hiyo. Husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Husema tena kwamba fedha ya klabu ni jasho la wanachama, haifai kulipwa mtu asiyecheza. Wasemao hivyo si wajinga. Wengi wao wana uchungu na jina la timu yao, na uchungu huo ni jambo jema. Lakini sisi twasema kwamba samaki hutupwa baada ya kunuswa, si kabla. Klabu imweke mchezaji wake mpaka ahukumiwe. Na ikiwa hukumu yasema alikosa bila kukusudia, imweke mpaka amalize adhabu yake. Sababu zetu ni hizi.

Chukueni habari ya Bwana André Onana, kijana wa Kameruni aliyezaliwa mwaka 1996. Alijifunza mpira katika shule iliyoanzishwa na Bwana Samuel Eto'o, akapelekwa Barcelona mwaka 2010 angali mtoto, na mwaka 2015 akaingia klabu ya Ajax ya Amsterdam, Uholanzi. Huko akawa mlinda lango wao wa kwanza. Mwaka 2019 Ajax ilipofika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, aliyekuwa golini ni yeye.

Tarehe 30 Oktoba 2020 akapimwa, siku isiyokuwa na mchezo. Mkojo wake ukaonekana una dawa iitwayo furosemidi. Dawa hii haimpi mtu mbio wala nguvu. Ni dawa ya kutoa maji mwilini, na madaktari huwapa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu. Imekatazwa michezoni kwa sababu yaweza kuficha dawa nyingine katika mkojo. Ajax ilieleza kwamba asubuhi ile Bwana Onana hakujisikia vizuri, akataka kumeza kidonge, akachukua kwa makosa kidonge alichoandikiwa mkewe.

Mwezi Februari 2021 UEFA, chama cha mpira cha Ulaya, kikamfungia miezi 12. Kwa maelezo ya Ajax, hata kamati iliyomhukumu ilikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Lakini sheria yasema mchezaji mwenyewe ndiye ajibuye kwa kila kitu kiingiacho mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Sheria hii ni kali, nasi hatuilaumu. Kama kila mtu angaliponea kwa kusema "sikujua," hapangalikuwa na sheria tena.

Je, Ajax ilifanya nini? Haikumtupa. Ilisimama naye mpaka kwenye mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, na mwezi Juni 2021 miezi 12 ikapunguzwa ikawa 9. Adhabu ikaisha mwanzoni mwa Novemba mwaka huo huo. Na timu haikufa kwa kukosa mtu mmoja. Golini akasimama Bwana Maarten Stekelenburg, mzee wa miaka 38, na msimu ule Ajax ikachukua ubingwa wa Uholanzi pamoja na kombe la nchi. Mapema mwaka 2022 Bwana Onana alikuwa golini kwa nchi yake katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa huko huko Kameruni, na Kameruni ikawa ya tatu. Mwaka 2023 akaidakia Inter ya Milan katika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Istanbul. Kama angalitupwa mwaka 2021, kama mtu aliyekwisha, ni nani angalijua ya kwamba bado ana mpira wote huo?

Hapa mwenzetu mmoja atatukatiza. Atasema: "Lakini mkataba wake ulipokwisha mwaka 2022 alikwenda zake Inter, na Ajax haikupata hata senti moja ya kumuuza. Shukrani ya punda ni mateke!" Ni kweli, Ajax haikupata fedha ya mauzo. Lakini ndugu yetu, haki si mkopo unaosubiri kurudishwa na faida. Mtu hasikilizwi kwa sababu tutamuuza ghali kesho. Husikilizwa kwa sababu ni mtu, na kwa sababu sisi wenyewe tungetaka kusikilizwa.

Wala habari hii si ya mtu mmoja. Mwezi Machi 2011 Bwana Kolo Touré wa Ivory Coast, mlinzi wa Manchester City, alisimamishwa baada ya kupimwa. Alikuwa amemeza vidonge vya mkewe vya kupunguza unene. Akafungiwa miezi sita, akaikosa fainali ya Kombe la FA iliyoletea klabu yake ushindi mwezi Mei. Klabu haikumfukuza. Akarudi mwezi Septemba, na msimu huo Manchester City ikawa bingwa wa Uingereza.

Lakini habari inayotuuma zaidi ni ya Bwana Mamadou Sakho, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kisenegali, akaichezea Ufaransa. Mwaka 2016, akiwa Liverpool, alipimwa, na mwezi Aprili UEFA ikamsimamisha siku 30 wakati kesi ikiangaliwa. Akakosa fainali ya Ligi ya Europa mjini Basel, ambamo Liverpool ilifungwa na Sevilla mabao 3 kwa 1. Akakosa na mashindano ya mataifa ya Ulaya, yaliyochezwa nchini kwake Ufaransa. Halafu mwezi Julai UEFA ikaifuta kesi, maana ilionekana kwamba kitu kilichokutwa mkojoni mwake hakikuwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Mwaka 2020 shirika la dunia lipigalo vita dawa michezoni, WADA, likamwomba radhi na kumlipa fidia. Twawauliza wasemao "fukuza siku hiyo hiyo": kama Liverpool ingalimfukuza mwezi Aprili, mwezi Julai ingalimwambia nini? Fidia yaweza kulipwa. Fainali hairudiwi.

Tusije tukaonekana twatetea watoto wa Kiafrika tu. Tutazame upande wa pili. Mwezi Oktoba 2004 Bwana Adrian Mutu wa Romania, mchezaji wa Chelsea ya London, alionekana na kokeini. Chelsea ikamfukuza hata kabla chama cha mpira cha Uingereza hakijatoa hukumu. Hukumu ilipotoka ilikuwa miezi saba tu. Lakini klabu ikamdai fidia, na mwaka 2009 mahakama ya Lausanne ikakubali kwamba ailipe zaidi ya yuro milioni 17. Mwaka 2010, akiwa Fiorentina ya Italia, alionekana tena na dawa iliyokatazwa, akafungiwa mara ya pili. Wasemao afukuzwe watasema, "Mwaona, hawa hawafundishiki." Sisi twasoma habari hiyo hiyo vingine. Bwana Mutu alikosa, na alistahili adhabu. Lakini kumfukuza kuliiondolea klabu aibu, hakukumponya mtu. Atumiaye kokeini ahitaji adhabu na ahitaji daktari pia, na klabu iliyomnunua kwa mamilioni yaweza kumpatia vyote viwili.

Sasa twaja kwa jambo ambalo kwa wanachama wetu ni kubwa kuliko mpira. Mchezaji ni mfanyakazi. Jasho lake ndilo mshahara wake, na miaka yake ya kazi ni michache kuliko ya karani au ya dereva. Karani akishitakiwa kwamba fedha imepungua, hufukuzwa mara moja? La. Husimamishwa, vitabu vikakaguliwa, naye akaitwa kujieleza. Jambo hili halikushuka lenyewe kutoka mbinguni. Wazee wetu wa vyama vya wafanyakazi walilipigania zamani za ukoloni, wakati neno la bwana mkubwa mmoja lilipotosha kumwacha mtu na watoto wake bila chakula. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi, zikapewa sauti mtu alipotaka kuadhibiwa kazini. Sheria hiyo imekwisha badilishwa, lakini msingi wake ungaliko: pawe na sababu ya haki, na mtu asikilizwe. Haiwezekani tuupiganie msingi huo bandarini na viwandani, halafu Jumamosi uwanjani tuusahau kwa sababu timu yetu imefungwa.

Hatusemi kwamba mwenye kosa aachwe. Mchezaji anywaye dawa kwa kujua, ili amshinde mwenzake aliyefanya mazoezi kwa haki, ni mwizi sawasawa na mwizi wa mizani. Tena ni mwizi anayejiua mwenyewe, maana dawa hizo huharibu moyo na ini. Mtu wa namna hiyo, hukumu ikithibitisha, klabu haina deni naye. Na aende. Lakini neno kubwa hapo ni "hukumu ikithibitisha." Sheria za WADA zenyewe zampa mshitakiwa haki ya kutaka chupa ya pili ya mkojo wake ifunguliwe na kupimwa. Ikiwa wapimaji wenyewe wakubali kwamba chupa moja haitoshi, iweje sisi wa barazani tutosheke na uvumi?

Tena twauliza: klabu nayo haina lawama? Kijana atokaye kijijini, akamezeshwa vidonge na mtu wa timu na kuambiwa ni vitamini, atajuaje kilichomo? Kijana aliye ugenini, asiyejua vizuri lugha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, atamwuliza nani? Klabu ndiyo nyumba yake. Mzazi ambaye hakumfundisha mwanawe kuogopa moto hana haki ya kumfukuza siku anapoungua.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa viongozi wa vilabu, na wengi wao ni wanachama wenzetu. Kwanza, kila mchezaji aelezwe, kwa lugha anayoijua, ya kwamba asimeze kidonge cho chote, hata cha kichwa, hata cha mkewe, kabla ya kumwonyesha daktari. Pili, mchezaji akisimamishwa, klabu imlipe mshahara wake mpaka siku ya hukumu, na impatie mtu wa kumsemea. Tatu, akionekana alikosa bila kukusudia, alipwe angalau nusu, nyumba yake isilale njaa, na nafasi yake ingojee. Sheria humkataza hata kufanya mazoezi na wenzake mpaka adhabu ikaribie kwisha. Basi viongozi wamtembelee nyumbani, asiachwe peke yake na mawazo. Nne, mwenye kulevywa na dawa apelekwe hospitali. Tano, aliyedanganya kwa kusudi, na hukumu ikasema hivyo, atolewe mbele ya wanachama wote, pasipo kificho, bila kujali ni nyota kiasi gani.

Shauri hilo la tano ndilo litakalotupima. Maana tumewaona wapenzi wa mpira wenye tabia mbili: mchezaji wa akiba akikosa, hupiga kelele afukuzwe, mfungaji wa mabao akikosa, husema ameonewa. Hiyo si haki wala si mapenzi ya timu. Mizani iwe moja kwa wote.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku ya ushindi uwanja hujaa watu wa kumbeba mchezaji mabegani, na kwa siku hiyo hahitaji klabu. Klabu aihitaji siku ile ameketi nyumbani, jina lake limo magazetini, simu hailii, na hukumu haijatoka. Wanachama wanaotaka kujua kama klabu yao ni klabu kweli, na waitazame siku hiyo.