Maumivu ya Nyonga ya Mchuma Chai Si Uzee

Aliyeandika gazetini kwamba upasuaji wa nyonga kwa matundu madogo ni anasa ya wanasoka wa Ulaya hajapanda miteremko ya mashamba ya chai ya Itumbe na kapu la majani chai mgongoni. Mzigo huo huweza kuumiza gegedu la nyonga, nalo halina mishipa ya damu. Likichanika, mapumziko hayaliungi. Daktari huuvuta mguu, akapitisha kamera na vifaa vyembamba, akatengeneza palipoharibika. Kweli, gegedu likishalika lote, upasuaji huo hausaidii, na hapo namuunga mkono mwandishi huyo. Lakini utafiti wa Uingereza wa 2018, kwa wagonjwa 348 ambao mifupa ya nyonga husuguana, ulionyesha kuwa upasuaji huo ulileta nafuu zaidi kuliko fiziotherapia pekee, ingawa tofauti ilikuwa ya wastani. Kaunti igharamie eksirei na fiziotherapia kwanza, na wanaofaa wapewe rufaa mapema.