Mgonjwa wa Crohn Asiachwe Achague Peke Yake

Mwanafunzi aombaye ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika kipindi kimoja aghalabu hushukiwa. Mwalimu hudhani anakimbia hesabu, na wenzake humcheka. Akianza kukonda, minong'ono huzagaa bwenini. Katika shule za milimani, tangu Kianyaga hadi Nyeri, mtoto wa namna hii hupelekwa zahanati, akapimwa damu, akaambiwa ana homa ya matumbo au amiba, akapewa vidonge na kurudishwa darasani. Baada ya wiki chache yu pale pale.

Hatusemi kwamba kila anayeendesha ana ugonjwa wa Crohn. La hasha! Homa ya matumbo ipo na amiba ipo. Lakini kuendesha kunakopita mwezi mzima, kukiandamana na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini ya kitovu, homa zisizoeleweka, vidonda vya kinywani, damu chooni, au kijana kudumaa wakati wenzake wanarefuka, si jambo la kutibiwa kwa vidonge vile vile kwa mara ya tano. Hilo la kudumaa walimu wanaweza kuliona kabla ya daktari, maana ndio wanaomtazama mtoto kila siku.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka wa 1932 na madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utumbo na kuuvimbisha. Waweza kuzuka popote, kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, ingawa mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Hauambukizi. Dawa ya kuung'oa kabisa haijapatikana. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha huchachamaa upya. Tumezoea kuambiwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, lakini hapa methali hiyo haina msaada mkubwa, kwa kuwa chanzo chenyewe hakijulikani vyema.

Kwa miaka mingi uliitwa ugonjwa wa Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alieneza katika miaka ya 1970 rai kwamba maradhi mengi ya utumbo ni haba katika vijiji vya Afrika kwa sababu ya vyakula vyetu vyenye makapi mengi. Rai hiyo ilikuwa na mashiko katika siku zake, lakini imetuachia mazoea mabaya: daktari asiyeutarajia ugonjwa hautafuti, na asipoutafuti hauoni.

Ugonjwa unapochachamaa, mgonjwa hujikuta njia panda akiwa dhaifu, hana usingizi, na pengine hana fedha. Swali la kwanza si dawa gani, bali ni kama huu ni Crohn kweli. Kifua kikuu cha utumbo hufanana nao kama pacha, na Kenya imo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa za kufifisha kinga ya mwili, anaweza kuangamia. Kwa hiyo hapana budi utumbo uchunguzwe kwa kamera, vinyofoa vyake vipimwe, na kifua kikuu kitafutwe kwa makini. Anayeona kwamba uchunguzi huo ni ghali na akataka aanzishiwe dawa tu, anajiponza.

Dawa ya kwanza inayojulikana na wengi ni prednisoloni. Ni rahisi, inapatikana hata katika miji midogo, na hutuliza haraka. Kwa siku chache mgonjwa huona amezaliwa upya. Hapo ndipo mtego ulipo. Prednisoloni huzima moto wa leo lakini haizuii wa kesho. Ikitumiwa kwa muda mrefu huvimbisha uso, hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari, na kwa kijana hupunguza kimo. Vile vile haikatizwi ghafla baada ya kutumiwa kwa wiki kadhaa. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maagizo ya daktari. Mgonjwa anayejinunulia vidonge hivi dukani kila tumbo linapomsokota hajatibiwa, ameahirishiwa tu.

Dawa ya azathioprini hulinda utulivu kwa gharama nafuu, lakini huchukua kama miezi mitatu kuanza kazi barabara, na huhitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwani yaweza kupunguza chembe nyeupe. Kisha kuna dawa za sindano kama infliksimabu, ambayo kwa kawaida hutiwa mshipani mwanzo, baada ya wiki 2, baada ya wiki 6, halafu kila wiki 8. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2024 uliwafuata wagonjwa wapya 386. Kati ya walioanzishiwa infliksimabu mapema pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga, asilimia 79 walikuwa wangali na nafuu ya kudumu baada ya wiki 48, pasipo prednisoloni wala upasuaji wa dharura. Kati ya waliopandishwa ngazi polepole, walikuwa asilimia 15 tu. Tofauti hiyo si ndogo. Walakini infliksimabu yaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na bei yake humtisha hata mwalimu mwenye mshahara, sembuse mkulima wa chai wa Gichugu.

Ndiyo sababu twasema bima iulizwe mapema na jibu litolewe kwa maandishi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024, na wagonjwa wengi bado hawaelewi hasa wanalipiwa nini. Sindano mbili zikilipwa na ya tatu ikakosekana, mwili waweza kuunda kinga dhidi ya dawa yenyewe, nayo isifae tena. Mgonjwa asiyekuwa na hakika ya sindano zinazofuata, afadhali amweleze daktari kabla ya kuanza.

Upasuaji nao usichukuliwe kuwa ni hukumu ya kifo. Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipasuliwa kwa ugonjwa huu mwezi wa Juni mwaka wa 1956, na Novemba mwaka huo huo akachaguliwa tena. Kisu huondoa sehemu iliyoziba au kutoboka. Hakiponyi, na mara nyingi ugonjwa hurudi karibu na mshono.

Kwa watoto kuna njia nyingine, ya lishe ya maji pekee kwa wiki 6 hadi 8, ambayo hutuliza utumbo bila kuzuia ukuaji. Ni ngumu kuifuata bwenini, na hapa shule huingia moja kwa moja. Mwanafunzi mwenye utumbo uliosinyaa asilazimishwe kula githeri. Maganda ya mahindi na maharagwe yaweza kuuziba. Wali wa Mwea, nduma laini au ndizi za kupondwa zapatikana kwetu bila taabu. Metroni asimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, maana huweza kuchochea ugonjwa. Parasetamoli ni salama zaidi.

Na safari zikumbukwe. Wataalamu wengi wa matumbo wako Nairobi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kianyaga, na kumpakia mtu anayeendesha katika matatu inayopita Kutus na Sagana ni mateso yasiyoonekana kwenye barua ya rufaa. Siku ya kliniki isihesabiwe kuwa utoro, kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu. Mtahiniwa wa KCSE akiwa na ugonjwa huu, mwalimu mkuu aliandikie Baraza la Mitihani mapema akiambatisha barua ya daktari, asingoje asubuhi ya mtihani.