Punda Mwenye Mashilingi Hahitaji Kutolewa Damu

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayembebesha punda magunia na madumu ya maji, leo nazungumzia pesa yako. Punda ananyonyoka manyoya kwa viduara, ngozi inabaki na ukurutu wa kijivu, na swali linalofuata nimelizoea: "Bwana mifugo, tumtoe damu tujue ni nini?"

Mimi nasema usitoe. Kipimo cha damu si kibaya, ila hapa umebisha hodi nyumba siyo.

Mara nyingi hayo ni mashilingi, wengine huita choa, na huletwa na fangasi. Fangasi huyu hula manyoya na ngozi ya juu kabisa, ile iliyokwisha kufa. Hashuki kwenye damu. Utalipia kipimo ambacho hakitamwona, na punda ataendelea kuwaambukiza wenzake pamoja na watoto wanaomchunga.

Vipimo vya damu vya fangasi vipo, na kwenye nchi zenye farasi wengi madaktari huvitumia. Lakini vingi havimtafuti fangasi mwenyewe, vinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza baada ya kukutana naye. Farasi anayelishwa majani makavu yaliyoota ukungu huvuta vumbi lile kila siku, na damu yake yaweza kuonyesha askari hao ilhali ni mzima kabisa. Jibu la "ndiyo" pengine linasema tu kwamba wamewahi kukutana.

Kule Ethiopia farasi wa mikokoteni hupata fangasi mwingine mbaya zaidi. Vinundu hujipanga miguuni na shingoni kama shanga, kisha hupasuka na kutoa usaha. Hata huo, njia iliyozoeleka ni kupaka usaha kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Ukiona vinundu vya namna hiyo kwa punda wako, usivitumbue wala kuugusa usaha kwa mkono mtupu. Mtenge, uniite haraka, maana upo ugonjwa wa bakteria unaofanana nao ambao huua hata binadamu.

Kwa mashilingi, kinachotakiwa ni magamba na manyoya. Safisha pale kwa spiriti, acha pakauke. Kwangua pembezoni mwa kidonda, siyo katikati, kwa sababu fangasi aliye hai yuko ukingoni anakosambaa. Ng'oa na manyoya machache pamoja na mizizi yake. Weka kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, na ukungu mwingine utaota humo kabla hatujafika maabara. Usipake dawa yoyote kabla ya kuchukua sampuli. Kutazama kwa hadubini ni kazi ya siku moja, kuotesha huchukua wiki kadhaa. Maabara ya TVLA iko Temeke, na SUA wako Morogoro.

Na wewe mwenye duka la dawa za mifugo, unisamehe. Sindano ya OTC haiui fangasi. Ivermectin nayo ni ya minyoo na wadudu. Kumwuzia mama wa watu hizo zote mbili kwa punda mwenye mashilingi ni kumlipisha kwa kitu kisichofanya kazi, halafu mashilingi yakipona yenyewe baada ya miezi miwili au mitatu, sindano ndiyo inayosifiwa. Oili chafu ya gari ndiyo sitaki hata kuisikia, inaunguza ngozi na ina sumu.

Damu itunzie ndorobo. Sisi ni jirani wa hifadhi ya Saadani, na mbung'o hajui mpaka. Punda mwenye homa za kuja na kuondoka, anayekonda huku anakula, fizi zimepauka, chini ya tumbo pamevimba, huyo ndiye wa kutolewa damu, tena kabla hajachomwa sindano yoyote, na iangaliwe siku hiyo hiyo.

Wakati unasubiri majibu ya mashilingi, punda huyo awe na kamba yake na gunia lake la mgongoni, visiazimwe. Vianike juani. Anayemhudumia avae glovu na kunawa kwa sabuni, na mtoto akitokewa na kiduara mkononi au mapunye kichwani, mpeleke zahanati umweleze mganga kwamba nyumbani kuna punda mgonjwa.