Nguzo ya Kunduchi Haisikii



Nina maneno machache ya kukuambia, na huenda yasikupendeze. Lakini dawa haiachwi kwa uchungu wake.

Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam katika wilaya ya Kinondoni, yapo magofu ya wazee wetu. Upo msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16. Karibu yake, kwenye mibuyu, yapo makaburi ya karne ya 18, na baadhi yake yamesimamishiwa nguzo za mawe zilizopambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Nguzo za namna hii utaziona pia Kaole karibu na Bagamoyo, Malindi na Mambrui. Huko Gedi liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399.

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuoni kuzuru Kunduchi. Tukamkuta mama mmoja amembeba mtoto mgonjwa. Amefukiza udi, amemwaga marashi, ameweka sarafu chini ya nguzo, na anamwomba mwenye kaburi amponyeshe mwanawe. Nikamuuliza, "Umekwenda hospitali, mwanangu?" Akajibu, "Bado, sheikh. Nimeanza huku."

Papo hapo kijana wangu mmoja akaokota jiwe aipige ile nguzo. Nikamshika mkono. Akaniuliza, "Sheikh, hili si sanamu?"

Basi sikiliza, ewe msomaji, kwani wote wawili walikosea.

Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, alisema kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, naye asingelibusu. Ikiwa hayo yalisemwa juu ya jiwe la Makka, nguzo iliyojengwa na fundi kwa matumbawe ya pwani hii itasikia nini?

Kuzuru makaburi si haramu. Mtume (S.A.W.) alikataza kwanza, kisha akaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Nenda, toa salamu, waombee maghufira. Maiti amali yake imekatika, naye anangoja dua yako. Vipi wewe uliye hai unamwomba mhitaji kuliko wewe? Shifaa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na matibabu ni sababu aliyoiumba Yeye.

Nawe kijana mwenye jiwe mkononi, sikufichi: wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii hawakupenda kujenga juu ya makaburi. Lakini nani amekupa amri ya kubomoa? Chini ya nguzo ile amelala Mwislamu, na tumefundishwa kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Sheria ya nchi nayo inayalinda mambo ya kale tangu 1964. Shirki haikai katika jiwe, ndugu yangu, inakaa moyoni. Utabomoa nguzo leo, kesho yule mama ataufuata mbuyu. Je, utaukata na mbuyu?

Tena wako wa tatu, wasioomba wala kubomoa. Hawa huchonga majina yao ukutani, na wengine walizing'oa zile sahani, yakabaki mashimo matupu. Mtu wa namna hii akikuambia kuwa anajivunia ustaarabu wa Waswahili, mwulize ameuweka wapi.

Lakini lawama kubwa ni yetu sisi masheikh na majirani. Yule mama alipita misikiti mingapi kabla ya kufika Kunduchi? Kila Ijumaa twachangisha saruji na mazulia. Ni lini tuliuliza nani mtaani ana mgonjwa na hana nauli? Aliiendea nguzo kwa sababu nguzo haimfukuzi mtu, haimwulizi ada, wala haimwambii aje kesho.

Siku ile wanafunzi walichanga, yule mwenye jiwe akiwa wa kwanza kutoa, tukampeleka mama na mwanawe kwa daktari. Hiyo ndiyo njia ya kuipunguzia nguzo wageni wake: mlango wako uwe wazi kabla ya wake.

Wabillahi tawfiq.