Mkulima, Usilipe Gari kwa Bunda la Noti

Wakulima wenzangu wa skimu za makazi, kuanzia Shimba Hills mpaka Diani, na ninyi mlioko Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo si mbegu wala si mbolea. Hata hivyo laweza kummalizia mkulima mali yake kwa siku moja kuliko nyani na ngedere wanavyoweza kwa mwaka mzima. Jambo lenyewe ni kununua gari lililokwisha tumika kwa kulipa noti mkononi.

Si kosa mkulima kutaka gari. Machungwa na maembe hayangoji. Ukiyachuma leo nawe huna chombo cha kuyapeleka sokoni, dalali ndiye atakayekupangia bei chini ya mwembe wako mwenyewe. Wala si aibu kununua gari kuukuu. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani yamekwisha tumika huko, na kanuni za Kenya hukataza kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka minane. Kwa hiyo sina neno na gari. Neno langu ni juu ya namna ya kulilipa.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini nilisomea ualimu, basi niwieni radhi tukianza kwa hesabu. Tuseme pikapu inauzwa shilingi 900,000. Hizo ni noti 900 za shilingi elfu, yaani mabunda tisa ya noti mia mia. Mabunda hayo yaingia katika mfuko mdogo wa kutilia unga, na mtoto wa darasa la kwanza aweza kuubeba. Sasa tazama upande wa pili. Mkulima awekaye akiba ya shilingi 10,000 kila mwezi, pasipo kukosa hata mwezi mmoja, atahitaji miezi 90 kuzipata fedha hizo. Hiyo ni miaka saba na nusu. Basi mfuko ule mdogo una miaka saba na nusu ya jasho ndani yake, nawe wataka kumkabidhi mtu uliyekutana naye juzi, chini ya mti, kwa neno la mdomo!

Wengi wetu hupata fedha nyingi namna hiyo mara moja tu katika maisha: ng'ombe wakiuzwa, fidia ya ardhi ikilipwa, au kijana akileta mafao yake ya kazi. Zikipotea, hazirudi tena.

Ubaya wa noti ni huu: noti haina jina. Ikitoka mkononi mwako haikumbuki kuwa ilikuwa yako. Aliyekuuzia akisema kesho kwamba ulimpa laki sita wala si laki tisa, au kwamba hakukupokea chochote, utamjibu kwa kitu gani? Polisi watakuuliza ushahidi. Hakimu naye atakuuliza ushahidi. Lakini fedha zilizopita benki zina njia yake: jina lako, jina lake, siku na kiasi. Wazee wetu walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena kuna hatari ya kukaa na noti nyumbani ukingoja gari la kukufaa. Msisahau mambo ya mwaka 2019. Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni mwaka huo, ilitangazwa kwamba noti za zamani za shilingi elfu hazitapokewa tena baada ya tarehe 30 Septemba. Watu walipewa miezi minne tu. Siku hizo zilipokwisha, Benki Kuu ilieleza kwamba noti zenye thamani ya shilingi bilioni 7.4 hivi hazikurudishwa. Zote ziligeuka karatasi. Aliyekuwa na fedha zake benki hakuwa na haja ya kukimbia, maana hesabu yake haikubadilika hata senti moja.

Najua mtanijibu, maana majibu haya twayasikia kila siku ofisini. Wa kwanza husema, "Nikilipa taslimu hupunguziwa bei." Pengine ni kweli. Lakini jiulize kwa nini muuzaji yuko tayari kupoteza elfu ishirini au thelathini ili apate noti jioni hiyo hiyo. Labda ana mgonjwa hospitalini. Labda pia gari si lake, au lina deni, au hataki jina lake lionekane popote. Punguzo la elfu thelathini si faida kitu ikiwa umehatarisha laki tisa.

Wa pili husema, "Benki huuliza maswali mengi." Ni kweli, mtu atoaye au awekaye fedha taslimu nyingi huulizwa fedha zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Maswali hayo yanatokana na sheria ya mwaka 2009 ya kupiga vita fedha za wizi na za magendo. Hayakuwekwa ili kumnyang'anya mkulima mali yake. Mkulima mwema ana majibu yake mfukoni: hati ya mauzo ya ng'ombe, karatasi za fidia, au stakabadhi za chama cha ushirika. Zipeleke, ujibu, na kazi itaendelea.

Wa tatu husema, "Huyu ni mtu wetu. Kuandikiana ni kutoaminiana." Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Waislamu wa pwani hii wanajua kwamba Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inaamuru deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Nao Wakristo wenzao hawafungi ndoa bila cheti na mashahidi. Je, bwana na bibi arusi hawaaminiani? Maandishi hulinda urafiki. Ni mapatano yasiyoandikwa ndiyo yanayowapeleka ndugu mbele ya chifu.

Basi ukitaka kununua gari, fuata mambo haya kwa mpangilio wake, wala usiruke hata moja.

Jambo la kwanza, chungua mwenyewe wa gari. Kumbukumbu za magari huwekwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ijulikanayo kwa jina la NTSA, na tangu mwaka 2023 huduma zake hupatikana katika eCitizen. Kwa ada ya mia chache za shilingi utaonyeshwa jina la mwenye gari. Jina hilo lifanane na kitambulisho cha yule anayekuuzia. Akisema, "Ni la shemeji yangu," mwambie shemeji aje mwenyewe. Tazama pia kama jina la benki au la mkopeshaji limeandikwa pamoja na la mwenyewe katika logibuku. Tena uliza juu ya dhamana, maana tangu sheria ya mwaka 2017 gari laweza kuwekwa rehani na rehani hiyo kuandikwa katika rejista ya serikali. Ukilinunua na deni lake, mkopeshaji aweza kuja kulichukua shambani kwako, nawe umekwisha lipa.

Jambo la pili, lifananishe gari na karatasi. Nambari ya chasi iliyogongwa katika chuma iwe sawa na ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa upya, mpe mwenyewe salamu za kwaheri. Gari litazamwe mchana, na fundi uliyemchagua wewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji.

Jambo la tatu, andikeni mapatano kabla ya kulipa. Yataje majina, nambari za vitambulisho, nambari ya gari, nambari ya chasi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, siku na saa. Mashahidi watie sahihi. Ukiweza kumlipa wakili aandike, ni vizuri zaidi.

Jambo la nne, fedha zipite benki. Iwapo bei ni milioni moja au zaidi, waambie watumie njia iitwayo RTGS, maana tangu Oktoba 2009 hundi ya zaidi ya milioni moja haipitishwi baina ya benki na benki. Kama ni kiasi kidogo, M-Pesa pia hutoa ushahidi na jina la mpokeaji. Lakini tangu mwaka 2023 haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku, kwa hiyo kwa gari kubwa haitoshi siku moja. Na ikiwa muuzaji ameshikilia kwamba lazima aone noti, mpeleke benki. Noti zihesabiwe dirishani kwa mashine, naye aziweke papo hapo katika hesabu yake, nawe uondoke na karatasi ya benki. Macho yake yameona noti, na mkono wako una ushahidi. Akikataa hata hilo, rudi nyumbani na fedha zako. Wala usivuke feri ya Likoni ukiwa na laki tisa kifuani katika msongamano ule.

Jambo la tano, usimalize kulipa kabla gari halijaanza kuhamia jina lako. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho katika eCitizen, kisha nawe unaukubali. Mapatano yenu yaseme wazi kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa mkiwa pamoja, siku ile ile anapoanzisha. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lililouzwa litumike barabarani zaidi ya siku kumi na nne bila kuandikishwa kwa jina la mwenyewe mpya.

Hapa yafaa niseme neno kwa serikali pia. Mzee wa Mwaluphamba asiyesoma hawezi kuyafanya haya peke yake kwa simu. Matokeo yake humwachia kijana wa saiba kila kitu, pamoja na neno lake la siri, na hiyo ni hatari sawa na ile ya noti. Huduma Centre iko Kwale mjini, lakini mtu wa mpakani hutumia siku nzima kwenda na kurudi. Maoni yangu ni kwamba maofisa wa shughuli hizi wangefika kwenye mabaraza ya machifu siku za soko, kama vile Bwana Shamba afikavyo na mbegu. Mpaka siku hiyo ifike, nenda na mwanao au mjukuu wako aliyesoma, na neno la siri ulichape wewe mwenyewe au yeye, si mtu mwingine.

Na wewe unayeuza gari lako, usidhani maneno haya hayakuhusu. Noti za jioni zaweza kuwa za bandia, na asubuhi mnunuzi hayupo. Tena, kwa sheria ile ile, aliyeandikwa katika kumbukumbu huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Gari likigonga mtu au likikamatwa na magendo, atakayeitwa kwanza ni wewe ambaye jina lako bado limo. Kwa hiyo hakikisha jina linahama, na weka nakala ya mapatano mahali pakavu pasipofika mchwa.

Mambo haya yote yanaweza kuchukua siku tatu au nne. Muuzaji atakuambia kwamba mtu mwingine anakuja kesho na fedha zake. Mwache aje. Magari ni mengi Mombasa, na meli za kuyaleta hazijaacha kutia nanga Kilindini. Mkulima aliyengoja mnazi miaka sita mpaka uzae hawezi kushindwa kungoja siku nne ili alinde jasho la miaka saba.